Nta ya Mlango wa Kulia

Kila Jumamosi saa nane mchana madereva wa shirika la misaada waliosha magari nyuma ya maghala ya mahindi pale kambi ya wakimbizi ya Benaco. Magari yalikuwa kumi na mawili, yote meupe, na kufikia Jumamosi yote yalikuwa mekundu kwa vumbi la barabara ya Rusumo. Ferdinand, msimamizi wa magari, alipita katikati ya ndoo na matambara akiandika hali ya kila gari. Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita, alifika kwenye gari la Celestini akaandika: matairi mazuri, breki nzuri, mlango wa kulia watu wanapita.

Walikuwa wanapita kweli. Walikuwa ndani ya rangi, hakuna aliyezidi urefu wa kiganja, wakitokea kwenye bawaba za mlango wa dereva na kupotelea mwisho wa mlango wa abiria wa nyuma. Walibeba magodoro, mbuzi, masufuria na baiskeli zisizo na minyororo. Hao ndio wakimbizi waliovuka mpaka kwenye daraja la Rusumo mwezi wa nne, miaka miwili kabla, siku ambayo gari la Celestini lilisimama kando ya barabara kutwa nzima likisubiri amri. Ferdinand alichungulia, akauliza kama mlango unafunguka vizuri. Akaambiwa unafunguka. Akaenda kwenye gari lingine.

Kazi hiyo ya kuwatokeza watu kwenye rangi ilikuwa ya Hategekimana, mkimbizi wa kutoka Kibungo, ng'ambo ya daraja, ambaye kwao alikuwa fundi wa rangi za magari. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na Kiswahili chake alikipata gereji. Siku zote alitembea na mfuko mtupu wa rambo. Gari likishaoshwa na kukauka aliuvaa ule mfuko mkononi, akafumba macho, akapitisha vidole juu ya rangi polepole, kwa sababu nailoni humwambia mtu punje za mchanga ambazo kidole kitupu hakizisikii. Baada ya hapo ndipo alipoamua polishi gani itumike, na kama polishi inahitajika kabisa.

"Rangi inatunza," aliwaeleza madereva siku ya kwanza. "Kila kilichosimama mbele ya gari kinabaki. Cha jana kiko juu, cha mwaka jana kiko chini. Polishi inakula. Ukilisha kidogo, unafika mwaka jana. Ukilisha sana, unapita na haurudi. Ukifika pale unapotaka, unapaka nta, na hapo panabaki hivyo."

Madereva waliona ni maelezo ya kawaida ya fundi. Kilichowasumbua ni moshi wa ile nta. Aliinunua kwa warina asali wa msitu wa Biharamulo, akaiyeyusha juu ya mafiga nyuma ya ghala, akaitia tapentaini, na sufuria yake haikuwa na mfuniko.

Mfuniko ulikuwa kwa Uwimana, bintiye, aliyekuwa na miaka mitano siku ya kuvuka. Mama alibeba sufuria, na mtoto akapewa mfuniko ili naye awe na mzigo wake. Kishikio chake kilikuwa kimekatika zamani, na baba alikuwa amechonga kingine cha mti, cha umbo la yai. Katikati ya lile jeshi la watu mtoto na mfuniko wake wakapotea. Mama alikufa kwa kuhara mwezi wa saba mwaka uleule. Hategekimana alibaki na sufuria, na aliposikia kwamba yako magari yaliyokuwepo darajani siku ile, akaja kuomba kazi ya kuyang'arisha.

Gari la Celestini lilimchukua Jumamosi nne. Alitumia polishi laini, kidole kimoja, sehemu ndogo ndogo za ukubwa wa kitambaa cha mkono, na kivulini tu. Jumamosi ya nne Uwimana alitokea kwenye bawaba, mkono mmoja kwa mama yake na mfuniko kifuani. Katikati ya mlango mtu mwenye godoro aliwatenganisha. Karibu na mwisho wa mlango wa nyuma mwanamke mwenye kitenge cha kijani alimshika mtoto mkono, wakatoka wote wawili nje ya rangi. Hategekimana aliangalia mara nyingi, akapaka nta, akamshukuru Celestini kwa mikono miwili. Kisha akauliza ni gari gani lilisimama nyuma ya hili siku ile.

"La Laurian," Celestini alisema.

Laurian alikuwa mwenyeji wa Ntobeye, na alikuwa na wivu. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe aliuita kwa majina mengine: uchovu, kiungulia, jua kali. Aliajiriwa miezi miwili kabla ya Celestini. Alisimama darajani siku ileile na kula vumbi lilelile. Sasa kila Jumapili baada ya misa watu wa kambini walipanga foleni mbele ya gari la Celestini kutafuta ndugu zao mlangoni, na aliyempata wake hakuondoka bila kuacha kitu, mayai, mihogo, galoni ya pombe ya rubisi. Celestini, kijana wa Rulenge ambaye juzi juzi tu alikuwa hajui kubadilisha plagi, aliitwa baba na wanawake wenye wajukuu. Laurian akipita, walimwomba asogeze gari lake kidogo kwa sababu linaziba mwanga.

Alisogeza. Roho ilimuuma mpaka akawa anaweka gia vibaya.

Kibaya zaidi, hata Deodata, mke wake, alikuwa anakwenda kuangalia.

"Kuna mama mmoja anavuka na cherehani kichwani," alimsimulia mumewe huku akimenya ndizi za mchana. "Kila nikimwangalia inakaribia kuanguka, na haianguki. Baba Justina, nenda ukaone!"

"Nilimwona siku yenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

Kusema kweli, Laurian hakumwona. Siku ile darajani alilala mchana mzima kwenye usukani, kofia usoni. Gari lake ndilo lililokuwa macho.

Jumatatu Hategekimana alimfuata kwenye maegesho, akasimama hatua mbili kutoka alipo, kofia mkononi.

"Habari ya asubuhi, bwana Laurian."

"Nzuri. Unasemaje?"

"Ni mtoto wangu. Ametoka kwa gari ya Celestini, ameingia kwa yako. Naomba milango miwili ya kulia. Sitakula rangi nyingi. Nataka kujua tu huyu mama wa kitenge alimpeleka wapi."

"Wiki ijayo," Laurian alisema.

Wiki iliyofuata alisema ana safari ya Rulenge, na kweli alikuwa nayo. Wiki nyingine alisema gari linakwenda kubadilishwa mafuta. Usimfikirie vibaya kupita kiasi. Alikuwa na nia ya kumsaidia yule mtu. Ila hakutaka kusaidiwa na nta iliyokwisha kumsaidia Celestini. Angekuwa wa pili, na watu wangesema, ah, hata Laurian naye kapakwa. Alitaka kwanza apate nta yake, iliyo bora, halafu gari lake lionyeshe daraja zima, lenye rangi na vivuli, watu wazi mpaka vifungo vya mashati yao. Halafu ndipo angemwita Hategekimana, mbele ya foleni, na kumwambia, njoo umwangalie mwanao.

Akaanza kutafuta. Katika duka moja Ngara mjini alichagua kopo lenye picha ya gari jekundu. Mwenye duka aliapa kwamba ni nta ya wazungu. Laurian aliipaka juu ya vumbi ambalo aliamini amelitoa, akafuta kwa flana, na mlangoni akamwona Laurian, amenenepa kidogo mashavuni. Akaagiza chupa kutoka Mwanza, ya majimaji ya kijani. Hiyo ilikuwa na uzuri wake. Mvua iliponyesha matone yalisimama juu ya boneti kama punje za ulezi na kuteleza yenyewe. Lakini mlangoni alikuwa Laurian, safari hii amekonda. Dereva mmoja akamshauri dawa nyeupe ya viatu vya raba. Ile iliishia kwenye suruali yake.

Mwishowe akajishusha, akamwendea Hategekimana kwa kuzunguka.

"Hivi fundi, mtu akitaka gari ling'ae kuliko la mwenzake, anunue nini?"

Hategekimana alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali la kazi.

"Kuliko la mwenzake, hiyo sijui," alisema. "Sijawahi kuitafuta. Kung'aa tu, atafute nta ya nyuki na asiwe na haraka. Gari yako naweza kuanza leo. Nta ninayo, ya milango miwili tu, nimeiweka."

"Jumamosi," Laurian alisema.

Alhamisi alikuwa Rulenge, na fundi rangi mmoja wa pale alimuuzia kopo la polishi ya kijivu, ya kuondolea mikwaruzo kwenye malori. Ukiisugua kati ya vidole ulisikia mchanga wake.

"Hii ni kali," fundi alimwonya. "Kwa gari dogo tia kiasi cha ukucha."

Laurian alimwambia amwekee kopo zima.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Madereva wengi walikuwa njiani, na Celestini alikuwa amekwenda Biharamulo, ambayo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kila wiki. Laurian aliegesha gari kivulini mwa ghala, akaosha, akakausha, akatia polishi ya kijivu kwenye kitambaa, kiasi cha kiganja, akaanza kusugua.

Ilikula haraka. Kwanza ilikula wiki ile, mbuzi wa Ntobeye na mtu aliyekojoa karibu na tairi. Ikala mwezi wa tisa. Ikafika Jumapili moja ambayo Deodata alikuwa amesimama kando ya gari, amevaa kitenge kipya, anamsubiri mumewe atoke ofisini. Laurian alipunguza mkono kumwangalia. Mkewe alikuwa amependeza. Alikuwa pia ameugeuza uso upande wa pili, kwenye gari la Celestini, na alikuwa anacheka. Laurian aliisugua hiyo Jumapili kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na pamoja nayo ukaondoka mwaka mzima wa tisini na tano.

Chini yake likatokea daraja.

Walikuja wengi kwa pamoja, wamefifia, kama picha iliyoanikwa juani. Mama wa cherehani akapita na cherehani yake, haikuanguka. Wakaja wenye magodoro. Kisha, kwenye bawaba, akatokea mwanamke wa kitenge cha kijani, na mkononi mwake mtoto aliyeshikilia mfuniko kifuani kwa mkono wa pili. Kishikio chake kilikuwa cha umbo la yai. Walitembea mlango wote wa dereva. Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na lori limesimama, na ubao wake wa nyuma ulikuwa wa bluu, umechorwa fahali mweupe. Mwanamke akamnyanyua mtoto, mtu aliyekuwa juu akampokea, mwanamke naye akapanda. Lori likaondoka kuelekea Biharamulo.

Laurian alilijua lile lori. Kila dereva wa barabara ile alilijua. Lilikuwa la Shibuda wa Nyakahura, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, na lilipita Benaco kila Alhamisi na magunia ya mahindi. Yule mwanamke alikuwa mke wake, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. Mpaka Nyakahura ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, ukikuta barabara haijaharibika.

Alicheka peke yake pale kivulini. Alifurahi kweli, na furaha hiyo ilikuwa safi kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka kumi. Gari la Celestini lilikuwa na mtoto anayepotea. Gari lake lilikuwa na mtoto anayeonekana alikokwenda. Lakini lilikuwa limefifia. Kwenye la Celestini ulimwona mtoto mpaka kope zake, na hapa ulimjua kwa ule mfuniko tu. Watu wangekuja Jumapili wakakunja macho, wakasema, ni yeye, lakini kwa Celestini anaonekana vizuri zaidi.

Akachota polishi tena. Mkono mmoja tu, alijiambia, wapate mwanga. Akasugua, na kweli wakang'aa kidogo. Akasugua tena. Fahali mweupe akawaka, akaondoka. Mtoto akabaki kama alama ya kidole kwenye glasi, kisha akawa doa, kisha akaja mwezi wa pili wa mwaka ule, barabara tupu, kisha bandari na winchi zake, kisha weupe ambao haujawahi kumwona mtu yeyote. Penye ukingo pakatokea rangi ya kijivu ya chini. Laurian alisimama na kitambaa mkononi. Mlangoni alikuwa Laurian, na kitambaa mkononi.

Hapo ndipo Hategekimana alipofika na sufuria yake, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na aliambiwa Jumamosi. Aliona kopo, akaliinua, akasugua polishi kidogo kati ya vidole, akalirudisha chini. Akavaa mfuko wa rambo mkononi, akapitisha vidole kwenye mlango wa mbele, akapitisha kwenye mlango wa nyuma. Alirudia mara mbili.

"Imekwisha," alisema.

"Polishi ilikuwa kali," Laurian alisema.

"Kabla haijaisha, uliona nini?"

Hapa palikuwa na nafasi. Ilikuwa sentensi moja, nayo ilikuwa tayari mdomoni: Shibuda wa Nyakahura. Laurian aliigeuzageuza. Akaona jinsi mambo yatakavyokwenda. Njia ya Biharamulo ilikuwa ya Celestini. Ni Celestini ambaye angetumwa kumchukua mtoto. Ni gari la Celestini ambalo lingerudi Benaco likipiga honi, ni Celestini ambaye angeshuka, akazunguka, akamfungulia Uwimana mlango mbele ya kambi nzima, na Deodata angekuwepo. Na mtu mmoja kwenye foleni angeuliza, kwani Laurian alikuwa na picha yote, ikaenda wapi?

"Vumbi," alisema, akageuza uso. "Niliona vumbi tu."

Hategekimana alitikisa kichwa taratibu. Alikaa chini, akawasha moto chini ya sufuria.

"Unafanya nini?"

"Mlango ukiachwa mtupu hivi utashika kutu kabla ya Krismasi. Nta ya milango miwili ninayo. Niliiweka kwa ajili yako."

Akaipaka yote, kwa vidole, sehemu ndogo ndogo, na kufuta kwa kipande cha shati la marehemu mkewe. Laurian alisimama palepale mbele ya mlango, hakujua aweke wapi mikono. Ilipomalizika, Hategekimana alikung'uta magoti, akabeba sufuria, akaaga.

Wiki ile Ferdinand aliandika kwamba rangi ya gari la Laurian ni nzuri kuliko zote kituoni. Aliongeza chini: mlango wa kulia, dereva yumo. Alikuwemo. Hata Laurian akiwa ofisini, au nyumbani Ntobeye, mlangoni alibaki Laurian na kitambaa chake, uso ameugeuza, midomo imekaa kwenye neno vumbi. Wageni waliotoka nje ya nchi walipandishwa gari lake. Mmoja aliuliza kwa nini dereva amechorwa mlangoni, akaelezwa ni nta, akaridhika.

Laurian aliosha na kufuta, na picha ikazidi kuwa safi. Alichokuja kugundua ni kwamba mkono wa kulia wa yule mlangoni ulikuwa unapanda. Haukupanda kwa fujo, upana wa ukucha mmoja kwa siku mbili, lakini ulipanda. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili ulikuwa umefika kiunoni.

Mwezi huohuo likatoka tangazo kwamba wakimbizi wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengine walikwenda upande wa pili kwanza, porini, wakarudishwa. Kisha barabara ya Rusumo ikajaa tena, kwa upande huu sasa, magodoro yaleyale, mvua juu yao. Magari ya shirika yalipangwa kando ya barabara karibu na daraja. Laurian aliegesha nyuma ya Celestini kama zamani. Safari hii hakulala.

Hategekimana alipita siku ya pili, kabla ya saa sita. Alikuwa na sufuria kichwani, haina mfuniko, na mvua ilikuwa imeijaza nusu. Alisimama kwanza kwenye gari la Celestini, akamwangalia mtoto akipita toka bawaba mpaka mwisho wa mlango, mara tatu, kwa sababu nyuma yake watu walisukuma na hakuweza mara ya nne. Celestini alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Kisha Hategekimana akafika kwa Laurian. Aliutazama mlango kwa jicho la fundi. Aliuona ule mkono uliofika kiunoni, akadhani mtu yule anatafuta kitambaa kingine mfukoni.

"Bado inang'aa," alisema. "Usiipake polishi tena, bwana Laurian. Inatosha."

"Sawa."

"Ukisikia habari ya mtoto mwenye mfuniko."

"Nitakuambia," Laurian alisema, na yule mtu alikuwa anakwenda nchi nyingine.

Akavuka. Sufuria ilionekana muda mrefu juu ya vichwa vya watu, kwa kuwa alikuwa mrefu.

Kambi ilipokwisha, kazi nazo zikapungua, na magari mengi yakarudishwa makao makuu. Ferdinand aliambiwa abaki na dereva mmoja tu. Akachagua mwenye gari linalong'aa zaidi. Celestini alirudi Rulenge kulima maharage. Gari lake lilipelekwa mbali, na inasemekana kuna ofisi ambayo wahudumu wake wanakula chakula cha mchana wakiangalia watu wakipita. Laurian alipewa njia zote, ikiwemo ya Biharamulo. Alikuwa amepata alichokitaka, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumwonea wivu. Kiungulia hakikuisha.

Mkono wa mlangoni ulikuwa umefika begani na kunyooka. Kidole cha shahada kilionyesha mbele, nje ya gari, na kiligeuka kadiri gari lilivyogeuka. Ukiegesha Ngara mjini kilielekea mashariki, upande wa Nyakahura, na Rulenge hivyohivyo. Deodata alitundika kanga juu yake siku za kufua, na aliacha kuuliza baada ya mara ya pili. Mafundi walimwambia Laurian apake rangi upya. Alipaka. Nta ya nyuki haikubali rangi juu yake, ikadondoka yote kwa wiki moja.

Mwezi wa sita, mwaka wa tisini na saba, gari lilipata pancha Nyakahura, mbele ya vibanda vya barabarani. Laurian alibadilisha tairi mwenyewe. Alipoinuka, msichana wa miaka kama minane alikuwa amesimama upande wa kulia wa gari na beseni la karanga za kukaanga. Karanga zilikuwa zimefunikwa kwa mfuniko wa sufuria, na kishikio cha mfuniko kilikuwa cha mti, cha umbo la yai, kimelainika kwa kushikwashikwa.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Karanga, baba. Za moto."

"Unaitwa nani?"

"Wema. Wema wa Shibuda." Alikuwa anautazama mlango. Alijitazama kwanza meno, kisha akamtazama yule mtu wa ndani. "Mbona huyu ananionyesha mimi?"

"Haonyeshi wewe. Anaonyesha barabara."

Msichana akageuka kuangalia nyuma yake. Barabara ilikuwa pale. Akaona huenda amesimama vibaya, akasogea hatua mbili kushoto ili yule mtu aonyeshe vizuri, na kidole kikasogea naye. Akarudi kulia, kidole kikarudi. Akacheka, akachuchumaa nyuma ya beseni lake, na kidole kikashuka mpaka kwenye mfuniko kikatulia.

"Ananijua," alisema.

"Nipe mafungu mawili," Laurian alisema.

Akafunua mfuniko, akampimia, akafunika. Aliipokea hela mkononi mwa Laurian kwa adabu, kwa magoti kidogo, kama anavyofundishwa mtoto katika nyumba nzuri. Alikuwa na viatu. Alikuwa amenenepa. Laurian aliyatazama hayo yote na kuyaweka kichwani, moja baada ya jingine, kama sababu. Halafu akawasha gari.

Alipofika Lusahunga alisimama kunywa chai. Kidole kilikuwa kimegeuka kinyumenyume, kinaonyesha kule alikotoka. Mlango ulikuwa umeshika vumbi jekundu kuanzia juu mpaka chini. Akachukua kitambaa chini ya kiti, akaufuta vizuri, sehemu ndogo ndogo, akaingia ndani kuagiza chai.